Kamera ilimuona mwizi, ikasema kesho yake

Najua nimeadimika, na kuna washkaji wameanza kuulizana kafu kama nimepata disko kimyakimya. Sijapata. Nilikuwa na stori moja ambayo kila nikikaa kuiandika mikono inakuwa mizito, maana mjinga wa stori ni mimi mwenyewe. Leo nimeamua kuitoa.

Mnaosoma kompyuta mnajua kamera za ulinzi zinazojifunza kutambua vitu: huyu mtu, hii gari, huyu paka. Ndiyo kitu nilichokuwa nakihangaikia chuoni. Na kwa kuwa nilitaka kuonekana bingwa nyumbani, Januari 2025 nikaenda kufunga moja kwa mjomba wangu, Kaole.

Kwa wasioijua Kaole, ni kama kilomita 5 kusini ya Bagamoyo mjini. Wengi mmefika pale na ziara za shule kuangalia magofu, ule msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Ukiwa pale utashangaa mji wa bandari umekaa mbali na maji, kisha utaona mikoko imejaa mbele yako. Huo mkoko ndio unaohusika na habari yetu. Mjomba ni mvuvi, na boti inabaki huko nje, lakini mashine hailali kwenye boti hata siku moja. Inafunguliwa, inabebwa begani kupitia matope, inaletwa nyumbani na kulazwa bandani. Mashine ya 15, kilo karibu 40. Nyumba inakula kutokana na mashine ile, na ada yangu ya sekondari ilitoka humohumo.

Basi bwana. Nikabeba vitu vyangu: kamera moja ya kawaida ya nje yenye taa za infraredi za kuonea usiku, Raspberry Pi 4, hadi disiki ya nje, modemu ya kutumia laini ya simu. Raspberry Pi ni kikompyuta kinachoenea kiganjani, kina prosesa yenye viini vinne, na umeme kinachokula ni mdogo kuliko balbu nyingi za zamani. Mjomba hana simu kubwa, ana kitochi, kwa hiyo mpango ulikuwa rahisi: mtu akionekana mbele ya banda kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi, kitochi kinapokea meseji. "MTU AMEONEKANA BANDANI." Basi. Nakala inakuja na kwangu huku hosteli.

Sasa hapa ndipo panapotaka utulivu kidogo.

Video ni picha nyingi za mgando zinazopita harakaharaka. Kila picha tunaiita fremu. Kamera nyingi zinazouzwa kwetu zinatoka zimepangwa fremu 25 kwa sekunde, urithi wa mfumo wa televisheni wa PAL uliofuata umeme wa mizunguko 50 kama huu wetu. Kwa jicho la binadamu 25 ni tamu, mtu anatembea kama anavyotembea. Kwa kompyuta inayotakiwa kuitazama kila fremu na kujiuliza "humu mna mtu?" ni mzigo. Modeli niliyotumia ni ya jamii ya MobileNet, ambayo Google waliitoa mwaka 2017 mahsusi kwa vifaa vidogo. Nilipoipima juu ya ile Raspberry Pi, bila kifaa chochote cha kuisaidia, ilikuwa inamaliza wastani wa fremu 6 kwa sekunde.

Kamera 25, kompyuta 6. Mtu mwenye akili angeliona tatizo hapohapo. Mimi nikashusha kamera hadi 15, nikajiona nimekuwa na huruma.

Kwa nini sikushusha zaidi? Kwa sababu nilikuwa na hofu moja ya kitoto: kupoteza fremu. Nilijiambia, je, kama fremu nitakayoitupa ndiyo ile yenye sura ya mwizi? Kwa hiyo nikaandika skripti yangu kwa uangalifu mkubwa kweli. Kamera inarekodi kwenye hadi disiki vipande vya dakika mojamoja, modeli inavifuata kwa mpangilio, cha kwanza, cha pili, cha tatu, haipitwi na fremu hata moja. Nilijisifu nayo. Nilimwonyesha hadi rumeti wangu, anayesoma sosholojia, akasema "bomba".

Wale wa Makumbusho mtanielewa haraka. Fikiria abiria 15 wanafika kituoni kila dakika, na konda ana uwezo wa kupakia 6. Dakika ya kwanza wamebaki 9, ya pili 18. Hakuna aliyefukuzwa, wote watapanda, konda ni mwaminifu ajabu. Ila wewe uliyefika saa 2 usiku utapanda saa ngapi?

Kabla sijarudi Dar tulijaribu. Nikawasha, binamu yangu akapita mbele ya banda, baada ya muda mfupi kitochi kikalia. Watoto wakashangilia. Mke wa mjomba akasema, "Mjomba wenu kasoma huyu." Kuchelewa kwa meseji nikasingizia mtandao. Jaribio zima lilichukua dakika mbili, na katika dakika mbili foleni haijawa foleni bado.

Nikarudi zangu chuo. Usiku wa kwanza, saa 2 na nusu, nikapata meseji: mtu ameonekana. Moyo paa! Nikampigia.

"Shikamoo mjomba. Nani yuko bandani?"

"Marahaba mjomba. Hakuna mtu, sie tunakula."

"Hebu angalia."

Nikamsikia anatoka, anarudi. "Hakuna mtu, mjomba. Labda imeota."

Nikacheka. Modeli kuona mtu asiyekuwepo ni jambo la kawaida, nikaandika kwenye daftari langu: kosa moja, chunguza kivuli cha mnazi. Usiku wa pili ikaota tena, saa ileile. Nikaandika tena: kivuli cha mnazi. Mnazi wa watu nimeusingizia usiku mbili.

Usiku wa tatu haikuota. Alfajiri simu ya mjomba ikaniamsha. Hakusema mengi. "Mjomba, mashine haipo."

Sikumbuki nilivyofika Makumbusho. Nilipanda kosta ya kwanza ya Bagamoyo, kisha bodaboda hadi Kaole, nikakuta watu wamejaa uani, mjumbe yupo, wavuvi wenzake wapo, kufuli limekatwa liko chini kwenye mchanga hakuna aliyeliokota. Nikafungua hadi disiki. Video ilikuwepo yote, safi, mpangilio mzuri. Saa 8 na dakika 1 usiku watu wawili wanaingia upande wa kulia. Wanahangaika na kufuli dakika nne na kitu. Kisha wanatoka na mashine, mmoja mbele mmoja nyuma, na kuanzia mlangoni mpaka kupotea kwenye picha ni sekunde 11.

Nyuso? Hamna. Na hili nalo nilijifunza kwa uchungu. Usiku kamera inaacha jicho wazi muda mrefu zaidi ili ikusanye mwanga. Kwenye fremu 25 kwa sekunde inaweza kuliacha wazi mpaka sehemu moja ya 25 ya sekunde, na mtu anayetembea mwendo wa kawaida, mita 1.4 kwa sekunde, anasogea sentimita 5 na zaidi ndani ya muda huo. Uso unakuwa uji. Ningeweka hata fremu 60, jicho lingefumba mapema zaidi na uji ungepungua, ila giza lingeongezeka. Kinachosaidia ni taa, ama kuilazimisha kamera ifumbe jicho mapema, na ukiilazimisha bila taa unapata giza.

Wakati huo bado nilidhani modeli ilishindwa kuwaona sababu ya giza. Nikawa naeleza mbele za watu, mambo ya infraredi sijui nini, najitetea. Saa 8 na dakika 2 mchana kitochi cha mjomba kikalia.

MTU AMEONEKANA BANDANI.

Watu wakatazamana. Tulikuwa tumesimama kama kumi na tano mbele ya banda. Mzee mmoja akacheka, akasema ndio imetuona sasa hivi, kweli mashine ya Kizungu. Wengine wakacheka naye, kile kicheko cha msibani. Mie sikucheka. Kamera ilikuwa imeacha kurekodi tangu saa 12 asubuhi. Haikuwa inatuona sisi.

Nikakaa chini nikapiga hesabu mchangani kwa kijiti. Kurekodi kunaanza saa 12 jioni. Mwizi kaingia saa 8 usiku, yaani dakika ya 480. Fremu 15 zinaingia, 6 zinatoka, kwa hiyo kila dakika ya video inaliwa kwa dakika mbili na nusu. 480 mara 2.5 ni 1,200. Dakika 1,200 ni saa 20. Saa 20 toka saa 12 jioni ni saa 8 mchana.

Na ile "ndoto" ya saa 2 na nusu? Ilikuwa ni mjomba mwenyewe saa 1 jioni, anaingiza makasia. Kila jioni. Hakukuwa na ndoto wala kivuli cha mnazi. Meseji yangu haikuwa na saa ndani yake, maana nilifikiri haihitajiki, itafika palepale.

Mjomba alikuja akasimama juu ya hesabu zangu. "Kwa hiyo ilimuona?"

"Ilimuona, mjomba."

"Sasa mbona haikusema?"

Nilimweleza. Alisikiliza yote, akauliza swali moja: "Zile ilizokuwa inaangalia kabla, zilikuwa na nini?" Nikamwambia hazikuwa na kitu, ukuta na mchanga, saa nzima nzima. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka kwenda kuongea na mjumbe. Tukaripoti polisi, tukaacha nakala ya video kwenye flashi.

Wadau, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nilirudi chuo nikataka kubadilisha mada kabisa, nikafanye mfumo wa maktaba kama watu wengine. Supavaiza wangu alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Mwizi wako anakimbia kasi gani?" Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Alitaka nigawanye.

Kamera yetu inaona upana wa kama mita 8. Anayetembea anazimaliza kwa karibu sekunde 6. Anayekimbia kweli, mita 5 kwa sekunde, anapita kwa sekunde 1.6. Kwa fremu 5 kwa sekunde, huyo mkimbiaji unampata mara 8. Mara nane! Na waliobeba kilo 40 wakachukua sekunde 11, hata fremu moja kwa sekunde ingewapata mara 11, achilia mbali zile dakika nne za kufuli. Mimi nilikuwa natafuta fremu 165 za watu wawili waliobeba chuma. Za nini? Baadaye nilikuta kwamba hata Frigate, programu ya bure inayotumiwa sana kwa kazi hii, inapendekeza fremu 5 kwa sekunde kwa kutambua. Lilikuwa limeandikwa pale muda wote, sikusoma, nilikuwa najua.

Basi nikaanza upya. La kwanza kabisa nikaua foleni. Kompyuta ikimaliza fremu moja inachukua ile mpya kabisa iliyopo sasa hivi, zilizopita katikati zinatupwa bila msamaha. Kuandika ile mistari ya kutupa fremu kuliniuma kuliko nilivyotegemea, lakini baada ya hapo mfumo hauwezi tena kuchelewa zaidi ya fremu moja, hata ukizidiwa. Ukizidiwa unaona mara chache, ila unachoona ni cha sasa.

Halafu nikaacha kuilisha picha kubwa. Kamera nyingi za siku hizi zinatoa mikondo miwili kwa pamoja, mkubwa na mdogo. Mkubwa wetu ni 1920 kwa 1080, pikseli zaidi ya milioni 2 kwa kila fremu. Mdogo ni 640 kwa 360, pungufu mara 9. Na modeli yenyewe ilikuwa inataka picha ya 300 kwa 300! Yaani nilikuwa naitesa prosesa ifungue picha kubwa ili mimi niisinyaze kabla ya kuitumia. Sasa mkondo mkubwa unaenda moja kwa moja kwenye hadi disiki kwa ajili ya ushahidi, haufunguliwi. Modeli inapewa ule mdogo, fremu 5.

Na kwa kuwa karibu usiku mzima hakuna chochote, nikaweka mlinzi wa mlangoni: kwanza linganisha fremu hii na zilizotangulia, kama hakuna kilichosogea usiiamshe modeli. Kulinganisha ni kazi nyepesi. Kikisogea kitu, kata sehemu ile tu iliposogea uipeleke, hapo hata mtu aliye mbali anaonekana mkubwa mbele ya modeli. Vilevile asionekane mara moja tu, aonekane kwenye fremu tatu kati ya tano ndipo meseji itoke. Yenye saa ndani yake, jamani.

Wikiendi iliyofuata nikarudi Kaole nikiwa nimejikunyata. Mjomba alinipokea kama kawaida, hilo nalo lilinichoma. Tukafunga upya. Ukutani karatasi zinapendeza, Kaole ni Kaole: Januari kaskazi inavuma, na mnazi ulio pembeni ya banda haukai kimya hata dakika. Kila jani likitikisika mlinzi wangu wa mlangoni anaamka. Nikauziba mnazi kwenye ramani ya picha, sehemu ile haihesabiwi. (Nilimwomba msamaha kimoyomoyo.) Nikaziba pia mlango wa jirani na kipande cha njia wanachopita watu kwenda shamba. Bibi mmoja alishaniuliza kwa nini namchungulia, na alikuwa na haki, tangu Mei 2023 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na hata isingekuwepo, bibi ni bibi. Usiku wa kwanza buibui akatanda utando mbele ya taa za kamera, unang'aa kama neti, modeli imechachamaa mpaka asubuhi. Sasa binamu ana kazi ya kupangusa kamera kwa fagio kila jioni.

Na mbuzi! Modeli hizi nyingi zinafundishwa kwa picha za COCO, mkusanyiko wa Microsoft wa 2014 wenye aina 80 za vitu. Mna twiga, mna pundamilia, mna dubu. Mbuzi hamna. Mbuzi wa jirani akipita anaitwa kondoo au mbwa, inategemea kageuka wapi. Mwanzoni niliacha meseji za wanyama zitoke, mjomba akanipigia saa 11 alfajiri: "Mjomba, inasema kondoo. Hapa Kaole nani ana kondoo?" Nikafunga wanyama wote, nikaacha mtu peke yake.

Kuna mtu hapa kitivoni ataniuliza kwa nini sikununua Coral, kile kidude cha Google cha kuchomeka kinachofanya hesabu trilioni 4 kwa sekunde kwa wati 2 tu. Ni kizuri, kingeondoa ile 6 yangu kikaweka namba ya heshima. Lakini fikirini: kwa foleni ile niliyoiandika mimi, kamera ya pili na ya tatu zingeongezwa na siku moja ningerudi palepale, nimechelewa kwa gharama kubwa zaidi.

Jaribio safari hii halikuwa la dakika mbili. Nilikaa pale siku tatu, na kila baada ya masaa kadhaa binamu anapita, tunahesabu toka anapoingia kwenye picha mpaka kitochi kinalia. Mara nyingi ilikuwa sekunde 6 au 7, na nyingi ya hizo ni za meseji kusafiri. Usiku wa tatu, saa 8, nilikuwa nimelala ukumbini simu ikalia kwangu pia. Nikatoka mbio na tochi. Nikamkuta mjomba amesimama mbele ya banda tupu, kitochi mkononi kinawaka, anaangalia kioo.

"Rudi kalale," akasema. "Nilikuwa naangalia tu."

Mashine haijapatikana. Mjomba alikuwa anavua kwenye boti ya mwenzake kwa mgao wa mkia wa mbuzi huku anadunduliza ya mtumba. Bumu lilipotoka nilimpelekea laki moja na nusu. Alizihesabu mara mbili, akanirudishia elfu ishirini, akasema za nauli na za chai, nisije nikafeli mtihani kwa njaa halafu nikasingizia mnazi.